Kutoka mchakamchaka mpaka gemu: historia fupi ya kutoa jasho nyumbani

Testi zimeisha, bumu halijaingia, na mvua za masika zimetufungia hosteli. Hali ikiwa hivyo watu hubishana tu. Safari hii ubishi umetoka kwa jamaa mmoja wa ghorofa ya juu, ambaye shangazi yake aliyeko ng'ambo kamtumia gemu ya mazoezi, ile ya kushika pete mkononi na kukimbia pale pale ulipo mbele ya skrini. Kila jioni anatoa jasho chumbani. Basi watu wamemcheka mpaka mbavu ziume. Eti mtoto wa Uru mzima, umezaliwa kwenye mteremko, leo unahitaji gemu ikukimbize?

Swali ni zuri kuliko wanaouliza wanavyodhani, kwa sababu ndani yake kuna historia, na mimi historia ndiyo ugonjwa wangu. Kwa nini mtu wa mlimani ahitaji kutafuta mazoezi? Alianza lini kuyahitaji? Na je, ni kweli kwamba mchezo ni kitu kimoja na mazoezi ni kitu kingine? Twende taratibu.

Mlimani jasho halikuwa na jina

Neno lenyewe kwanza. Mazoezi linatokana na kuzoea. Yaani unarudia jambo mpaka mwili ulizoee. Kwa maana hiyo bibi zetu wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo walikuwa na mazoezi kuliko mwanariadha yeyote, ila hakuna aliyeyaita hivyo. Kihamba kiko juu, kwenye migomba na kahawa. Shamba la mahindi na maharage liko chini, tambarare. Ng'ombe amefungwa bandani nyumbani, haendi malishoni, kwa hiyo majani yake lazima yaletwe. Mama anashuka asubuhi na mundu, anapanda jioni na mzigo wa majani kichwani. Wanaume nao walikuwa na mifongo, ile mifereji inayoleta maji kutoka juu, ambayo kila msimu ilitaka kuzibuliwa na kujengwa upya. Ukimwambia mtu wa namna hiyo akaruke kamba dakika ishirini atakuuliza kama una akili timamu.

Ajabu ni kwamba hata huko Ulaya wataalamu walikuja kutambua thamani ya jasho la kazi kwa kuwaangalia watu wa mabasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili daktari Jerry Morris wa London alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Mwaka 1953 alichapisha matokeo: makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Basi moja, kampuni moja, mji mmoja, tofauti ni kukaa na kusimama. Mwenye kupanda vifodi vyetu vya Moshi amwangalie dereva, halafu amwangalie konda anavyoning'inia mlangoni na kukimbilia abiria. Atamwelewa Morris bila kusoma jarida lolote.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa kisukari katika vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walipimwa watu zaidi ya 6,000 wa umri wa miaka 15 na kuendelea, na waliokuwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Miaka 11 baadaye, yaani 2000, ukatoka utafiti mwingine uliolinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari wilayani Hai, hapa hapa mkoani kwetu. Ilala wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9, Shari asilimia 1.7. Wanawake wa Ilala asilimia 5.7, wa Shari asilimia 1.1. Watafiti waliangalia pia unene na kukaa bila kujishughulisha, na kote mjini kulizidi.

Kiharusi nacho kikafuata njia hiyo hiyo. Kati ya 2003 na 2006 wagonjwa wapya wa kiharusi walihesabiwa Hai na Dar es Salaam. Matokeo yaliyotoka 2010, baada ya kusawazisha tofauti za umri, yalionyesha watu kama 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka upande wa Hai, na kama 316 upande wa Dar. Sisemi kwamba kukaa tu ndiko kunakoleta yote hayo. Kuna chumvi, kuna sigara, kuna presha isiyopimwa. Lakini mtu anayetoka kihambani na kwenda kukaa ofisini au dukani anaacha nyuma kitu ambacho hakuwahi kujua kuwa anacho, na hakuna anayemwambia akirudishe vipi.

Taifa lilipokimbia kwa wimbo

Waliopita shule ya msingi wanajua jibu moja la zamani: mchakamchaka. Asubuhi na baridi ya Julai, mistari miwili miwili, kaptura na miguu mitupu. Kiongozi anapaza wimbo, wengine mnaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja kama ngoma. Hakuna aliyewahi kutuambia tunafanya mazoezi ya moyo na mapafu. Tulikuwa tunaimba.

Mchakamchaka ni mtoto wa enzi zake. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa 1963, na mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wasomi nao lazima wapite huko, jambo lililowafanya wanafunzi wa chuo kikuu waandamane Oktoba mwaka huo na mamia wakarudishwa makwao. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, ikaja na Elimu ya Kujitegemea, na watu wakawa wanatembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono Azimio. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi yake kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo kutembea na kukimbia kulikuwa siasa, kulikuwa uzalendo, na kwa wengine gharama yake ilikuwa kubwa sana.

Lakini ukiiondoa siasa, angalia mtambo wenyewe wa mchakamchaka ulivyoundwa. Kuna mdundo unaokuambia mguu uende lini. Kuna sauti inayokuongoza. Kuna wenzako, hivyo aibu haikuruhusu kuacha njiani. Na akili yako iko kwenye wimbo, haiko kwenye pumzi. Ngoma zetu za mlimani zina mtambo huo huo: anayeongoza, wanaoitikia, na miguu inayotii. Rede na kuruka kamba pia. Mtoto wa kike anayecheza rede saa nzima anakwepa, anainama, anakimbia, na ukimwuliza anafanya nini atasema anacheza.

JKT la lazima lilisitishwa 1994, likarudishwa 2013. Na mwaka ule ule wa 1994 ITV ilianza kurusha matangazo. Tanzania Bara ilikuwa imekaa bila televisheni muda wote huo, wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1974. Mtu anaweza kusema ni sadfa tu, na ni kweli ni sadfa. Ila kwa mwanafunzi wa historia ni alama nzuri ya kukumbuka: mwaka ambao vijana waliacha kulazimishwa kukimbia ndio mwaka tulioletewa kitu cha kukaa mbele yake.

Wenzetu walivyojaribu kuichezesha skrini

Huko kwenye televisheni za siku nyingi, watu walianza mapema kujiuliza kama skrini iliyowakalisha watoto inaweza kuwainua. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitengeneza baiskeli ya mazoezi iliyounganishwa na gemu, ikaipa jina la Puffer. Unapiga pedali ndipo kitu kwenye skrini kinakwenda. Haikufika sokoni, maana muda si mrefu biashara ya gemu Marekani ilianguka na Atari nayo ikaanguka. Mwaka 1986 Bandai wa Japani wakatoa mkeka wa kukanyaga, na 1988 Nintendo wakauza mkeka huo Marekani kwa jina la Power Pad. Watoto hawakuchelewa kugundua kwamba ukipiga magoti na kuupiga mkeka kwa mikono unashinda mbio bila kukimbia. Mtoto ni mtoto popote!

Mapinduzi yalikuja 1998 na Dance Dance Revolution ya Konami. Mishale minne chini, muziki juu, miguu inafuata mshale. Hao Konami ndio hao hao waliotengeneza Winning Eleven, mpira uliojaza mabanda ya gemu Moshi nzima, kuanzia Majengo mpaka Pasua. Yaani kampuni moja ilikuwa na gemu ya kuwainua watu na gemu ya kuwakalisha, na iliyotufikia sisi ni ya kukaa. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, lilikuwa linapeleka Dance Dance Revolution katika shule zake zote za umma kupambana na unene wa watoto. Mwaka huo huo Nintendo wakatoa Wii, pedi unayoizungusha kama raketi, na mwishoni mwa 2007 Japani ikapata Wii Fit na ubao wake wa kusimamia unaopima uzito. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, wazo alilipata kutokana na mazoea yake ya kujipima uzito nyumbani kila siku. Microsoft wakaja na Kinect 2010, kamera inayousoma mwili mzima bila pedi. Ring Fit Adventure, yenye ile pete, ilitoka Oktoba 2019, na miezi michache baadaye korona ikawafungia watu ndani, ikawa inatafutwa madukani haipatikani.

Na sisi tulikuwa wapi 2006? Kwenye mgao! Mabwawa yamekauka, Mtera imebaki matope, nchi inasikia habari za Richmond, na umeme unakatika mchana kutwa. Hapo ndipo ninapoona kosa la wanaocheka. Gemu ya mazoezi haikuchelewa kufika Moshi kwa sababu sisi ni wagumu wa mlimani. Ilichelewa kwa sababu inataka televisheni, umeme wa uhakika, sebule yenye nafasi na fedha ya shangazi wa ng'ambo. Wakati huo huo miili yetu ilikuwa tayari imeanza kukaa. Tulipata ugonjwa wa sebule kabla ya sebule yenyewe.

Je, inasaidia kweli?

Hapa nawaomba mashabiki wa gemu wavute subira, maana majibu ni ya pande mbili.

Mwaka 2007 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti mdogo wa vijana wa miaka 13 hadi 15. Walipocheza Wii walitumia nguvu nyingi kuliko walipocheza gemu ya kukaa, lakini hawakufikia nguvu ya kucheza mchezo wenyewe uwanjani. Mwaka 2012 ukaja utafiti mwingine Marekani: watoto 78 waligawanywa, wengine wakapewa gemu za kujongea na wengine gemu za kukaa, wakaachwa nyumbani wiki 12 bila kusimamiwa. Vipimo vilionyesha makundi mawili hayakutofautiana. Waliopewa gemu za kujongea hawakujishughulisha zaidi kuliko wenzao. Kifaa peke yake hakikubadili kitu.

Ulionigusa zaidi ni wa 2016, uliochapishwa na Lancet Neurology. Watafiti waliongozwa kutoka Toronto, wagonjwa 141 waliotoka kupata kiharusi, mkono umedhoofu. Nusu wakacheza Wii, nusu wakapewa michezo ya kawaida kama karata, domino na kupanga vipande vya mbao. Wote waliendelea vizuri, na Wii haikuwazidi karata. Wengine walisoma habari hiyo wakasema gemu imeshindwa. Mimi naisoma hivi: mchezo wa kawaida, wa bei ya bure, ulifanya kazi sawa na mashine ya gharama. Jamani, hiyo ni habari njema kwa nani kama si kwa Kibosho?

Nasema hivyo kwa sababu nina bibi. Alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Alirudi nyumbani na karatasi ya mazoezi: fungua kiganja mara kumi, nyanyua mkono mara kumi, asubuhi na jioni. Aliyafanya wiki ya kwanza, ya pili akaacha. Ukimwuliza anajibu, "Mjukuu wangu, nikae hapa nafungua mkono kama kichaa, nangoja nani?" Kazi ilianza kwenda pale wajukuu wadogo walipogeuza kupukuchua maharage kuwa mashindano, na sharti la bibi likawa atumie mkono wa kushoto peke yake. Anashindwa kila siku, anagombana na mwamuzi, anadai marudio. Sikuambii kwamba amepona. Nakuambia kwamba mkono ule sasa unafanya kazi jioni nzima bila kulazimishwa, na yeye mwenyewe ndiye anayeita watoto waje.

Huo ndio mchakamchaka kwa mara nyingine: mdundo, wenzako, ushindani kidogo, na akili kuwa kwenye mchezo badala ya maumivu. Gemu nzuri ya mazoezi inajaribu kuiga mambo hayo manne. Inakupa mdundo wa muziki, inakuongoza kwa sauti, inakuhesabia pointi, na kama mko wawili inakupa mpinzani. Inachokosa ni aibu ya kuacha. Mashine haikufuati mlangoni kukuuliza mbona jana hukutokea.

Nani asichekwe

Kuna watu ambao kwao mazoezi ya ndani si anasa, na nawaomba wadau mliangalie hili vizuri. Binti anayetaka kukimbia jioni barabarani anahesabu kwanza nani atampigia miluzi na atarudi saa ngapi. Mama mtu mzima wa Kiborloni akionekana anakimbia asubuhi, mtaa mzima utauliza amefukuzwa na nini. Mwenye uzito mkubwa anaogopa kuchekwa, na kwa jinsi watu walivyomcheka yule jamaa wa ghorofa ya juu, anaogopa kwa haki. Mlango uliofungwa unawapa hao nafasi ya kuanza. Ikiwa ni gemu, sawa. Ikiwa ni video ya simu, sawa. Ikiwa ni redio na taarabu, au bongo fleva mpaka jirani agonge ukuta, sawa pia.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Hapa Moshi tuna Kilimanjaro Marathon tangu 2003, inayoanzia na kuishia uwanja wa chuo chetu cha Ushirika. Ni siku nzuri sana, mji unajaa. Lakini mwili hauhesabu sikukuu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa wastani kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Gawanya mwenyewe: nusu saa siku tano. Siku mbili za mvua cheza gemu au rukaruka ndani kwa muziki, siku mbili panda kwa miguu badala ya kifodi, siku moja kimbia na wenzako, na hizo skwati na pushapu zitie mara mbili kwa wiki kabla ya kuoga. Hapo gemu imepata nafasi yake, nafasi ya kiungo kwenye mboga. Mboga yenyewe ni kurudia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wabishi wa hosteli ni hili. Mtoto wa Uru anahitaji kitu cha kumkimbiza kwa sababu majani ya ng'ombe hayamkimbizi tena, shule imemaliza naye, na kiti cha lekcha kimemshika saa sita kwa siku. Babu zake hawakuwa na nidhamu kuliko yeye, walikuwa na mteremko na mzigo. Kila kizazi kinabuni wimbo wake wa kukimbilia, na huu wa sasa unatoka kwenye skrini. Si wimbo mbaya, tatizo lake ni kuimbwa na mtu mmoja.

Ndiyo maana tumekubaliana wachache, mvua ikiruhusu, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuanze mchakamchaka kutoka getini, Barabara ya Sokoine, mpaka Shanty Town na kurudi. Wa gemu waje, wa uwanjani waje, na kina dada mje wengi ili msihesabu miluzi. Viatu si lazima. Tunachokosa mpaka sasa ni mtu wa kuongoza nyimbo, maana kila mmoja anakumbuka kuitikia tu. Wewe shuleni kwenu mlikuwa mnaimba nini? Niandikieni, tukusanye kabla hazijasahaulika.